Ngigi Aliyeitia Kompyuta Kasi

Goti lililomstaafisha Ngigi lilikuwa la kushoto, goti la klachi. Alilikanyagia klachi miaka nenda miaka rudi, kwanza akipeleka simiti hadi Malaba, baadaye akibeba mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya Juja hadi kokote Nairobi ilikokuwa ikipanda ghorofa. Mwishowe daktari akampiga picha, akaiinua kwenye mwanga na kumwambia kwa upole kwamba pale mahali mfupa unasaga mfupa. Ngigi akarudisha funguo kwa mwenye lori, akaenda nyumbani Theta, akakaa.

Lakini kukaa kuna wenyewe, na yeye hakuwa mmoja wao. Aliamka alfajiri kama zamani, akavaa buti, ndipo akakumbuka kwamba hana anakokwenda. Aliosha pikipiki ya jirani bila kuombwa. Alisimama kando ya barabara kuyatazama malori ya mchanga yakipanda mlima, na dereva akichelewa kubadilisha gia, Ngigi alikunja uso kama mwalimu wa kwaya aliyesikia mtu akipotea sauti. Mkewe, Waithira, alimvumilia mpaka siku alipomkuta jikoni akiyapanga upya masufuria yake, mazito chini na nyuma, mepesi mbele, vile mzigo unavyopangwa usije ukayumba kwenye kona.

"Baba Ciku," akamwambia, "tafutia hiyo mikono yako kazi. La sivyo mimi nitatafuta pa kuhamia."

Kazi yenyewe ililetwa na binti yao bila kujua. Ciku alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Alipoolewa na kuhamia Thika, ofisi yake ilimpa kompyuta ya kubeba, na ile yake kubwa ya mezani akaiacha sebuleni kwa wazazi. Siku zake ilikuwa mashine ya kuringia, ameiunganisha mwenyewe kwa vipande alivyovichagua kimoja kimoja. Waithira aliichukua ya kuandalia nyimbo za kanisa, yale maneno yanayomulikwa ukutani Jumapili ili wasio na vitabu nao waimbe. Halafu siku ya Pasaka, akiwa amechoka kumsikia babake akisimulia barabara, Ciku akaweka humo gemu ya kuendesha malori.

Ngigi alicheka. Mtu mzima, mwenye wajukuu njiani, acheze gemu? Akakaa kitini kwa heshima ya binti tu. Kumbe mpenda barabara fulani alikuwa ameichorea gemu hiyo barabara za Kenya, na mara Ngigi akaona mbele yake ule mteremko wa kushukia Bonde la Ufa, ukungu umelala bondeni, na trela nyuma yake likisukuma. Hakuna klachi. Goti likapumzika chini ya meza kama paka. Alipoinuka, chai aliyoletewa ilikuwa imeganda utando juu.

Tangu siku hiyo alikuwa na kazi. Aliendesha akimaliza kulisha kuku, akaendesha tena mchana. Shida ilikuwa moja. Kila alipoingia mji wenye magari mengi na majumba mengi, picha ilianza kukwama. Lori lilisimama, likaruka mbele, likasimama tena, na lilipozinduka tayari lilikuwa limeparamia kibanda cha mtu. Nakuru hakuwahi kuivuka salama hata siku moja, yeye ambaye katika maisha halisi hakuwahi kukwaruza hata kioo.

Alimpigia Ciku simu. "Hii mashine inakohoa ikifika Nakuru."

"Imezeeka, Baba. Mungu akijalia nitawatafutia ingine."

"Sijasema imekufa. Nimesema haina nguvu."

Kwa Ngigi hayo yalikuwa mambo mawili tofauti. Injini isiyo na nguvu huwa haitupwi. Hufunguliwa, ikaulizwa ina nini.

Akashika njia hadi Ruiru kumwona Jeconia. Huyu alikuwa mtu wa Siaya, mwenye umri wa makamo, aliyekuja kufanya kazi ya fundi wa stima kiwandani na akaishia kuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko. Walifahamiana tangu Jeconia alipohama kutoka Mwihoko, ambapo ni Ngigi aliyembebea vyombo, na kabati la vioo likafika bila ufa. Jeconia hakuwahi kulisahau hilo kabati.

Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza prosesa ni ya aina gani, akampigia Ciku kuthibitisha. Kisha akatabasamu.

"Mzee Ngigi, una bahati. Prosesa ndiyo injini. Kiwandani wanaipangia mwendo wake, lakini wanaacha nguvu fulani ya akiba juu, ndio isisumbue mtu popote pale itauzwa, awe kwenye joto la Garissa ama baridi ya Limuru. Nyingi zimefungwa, huwezi kuzigusa. Hii ya Ciku haikufungwa. Unaweza kuipandisha mwendo mwenyewe. Vijana wanaita kuovakloki."

"Ni kama kutoa gavana ya spidi kwenye lori."

"Karibu hivyo. Tofauti ni kwamba trafiki wa huku ni joto. Ukizidisha, atakushika, na huyo hapokei kitu."

Ngigi akapenda maneno hayo. "Basi nikuletee lini unifanyie?"

"Sikufanyii," Jeconia akasema. "Si uchoyo, mzee. Hata mashine mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, kila moja ina mwisho wake. Huo mwisho unatafutwa polepole, nyumbani, mtu akiwa na muda wa kuangalia. Mimi muda sina. Wewe uko nao."

Hilo la mwisho halikuwa tusi, na Ngigi hakulichukua hivyo. Alivuta kigoda, akafundishwa. Jambo la kwanza, alisema Jeconia, ni kutogusa mwendo kabisa. Kwanza usafi. Akampa bomba dogo la ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza, akamwonyesha kwenye kompyuta mbovu jinsi chuma hicho kinavyofunguliwa, akamwekea kwenye simu picha za kila hatua.

Ngigi alipoifungua mashine ya Ciku pale barazani, alikaribia kuona aibu. Vumbi jekundu la Theta lilikuwa limejishona humo ndani kama blanketi, na kwenye meno ya feni mlikuwa na manyoya ya kuku. Alisugua kwa brashi ya rangi isiyowahi kutumika, unyoya baada ya unyoya. Dawa ya zamani ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Akaifuta mpaka chuma kikamwonyesha pua yake, akaweka mpya kiasi cha punje ya njegere kama alivyoambiwa, akafunga skrubu kwa mshazari, hii na ya upande wa pili, jinsi nati za gurudumu zinavyofungwa. Hakuna aliyemwambia afunge hivyo. Mikono yenyewe ilijua, na Jeconia aliposikia akasema ndivyo hasa.

Alipoiwasha, feni zilizokuwa zikivuma kama posho mili ya kusagia mahindi sasa zilinong'ona tu. Ile programu ya kupima joto ilionyesha mashine imepoa vizuri mno. Ngigi akafurahi. Na furaha hiyo ndiyo iliyomponza.

Jeconia alikuwa amemweleza: unawasha kompyuta huku ukigonga kitufe, unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ile BIOS, unatafuta namba ya kizidisho. Ukiipandisha, prosesa inaongeza mwendo. "Ni thelathini na tano. Weka thelathini na sita. Jaribu. Ikitulia, ongeza moja." Jumamosi hiyo mchana Waithira alikuwa amekwenda mazoezi ya kwaya. Ngigi akaketi, akaingia kwenye mipangilio, akaiona ile namba. Akajiambia kwamba thelathini na sita ni mwendo wa mtu anayejifunza. Akaandika hamsini.

Kompyuta ikazima, ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Feni zinazunguka, taa inawaka, lakini picha hakuna. Akazima, akawasha. Nyeusi. Akaigonga ubavuni kidogo kwa kiganja, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Nyeusi vilevile.

Ndipo akakumbuka kwamba kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno, na kwamba nyimbo zote za mavuno, alizoziandaa Waithira wiki nzima, zilikuwa ndani ya lile sanduku.

Akampigia Jeconia. "Imekataa kuamka."

"Uliweka ngapi?"

Ngigi akakohoa. "Hamsini."

Akasikia Jeconia akicheka mbali na simu, akacheka tena akirudi. "Mzee, hiyo ni kuanza na gia ya mwisho ukiwa mlimani na mzigo. Haijakufa. Imebaki tu na hayo maagizo yako kichwani na haiwezi kuyatimiza. Lazima tuisahaulishe. Chomoa stima kabisa. Fungua ubavu. Unaona betri ndogo ya mviringo kama ya saa kwenye bodi?"

Hivyo ndivyo Waithira alivyomkuta: kompyuta imelala juu ya meza kama mgonjwa, ubavu wazi, na mumewe amevaa miwani ya kusomea akichokoa kitu ndani kwa ukucha. Akaweka kitabu cha nyimbo chini.

"Baba Ciku, hizo nyimbo zangu ziko wapi?"

"Ziko humu ndani, hazijaguswa. Jeconia amesema."

"Na hiyo umeshika ni nini?"

"Betri."

"Kwa nini imetoka?"

Ngigi alifikiria majibu kadhaa na yote yakamwonea haya. "Niliiongezea mwendo kupita kiasi," akasema.

Waithira alivuta kiti, akaketi. Hakupaza sauti. "Hata lori ulikuwa unalijaza hivyo hivyo," akasema. "Tajiri akisema tani kumi, wewe unasema bado kuna nafasi. Sasa rudisha. Mimi niko hapa nakuangalia."

Walikaa, betri mkononi, wakiingoja bodi isahau. Waithira akamenya chungwa, akampa nusu. Kisha Ngigi akairudisha betri, akafunga, akachomeka stima, akabonyeza. Skrini ikajikuna, ikatoa herufi nyeupe, na hatimaye ikaja ile picha ya Ciku ya siku ya kuhitimu. Nyimbo zilikuwepo zote. Kitu kimoja tu kilikuwa kimeharibika: saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma, ikidai kwamba huu ni mwaka wa zamani sana, Ciku akiwa bado shule ya msingi.

Waithira akaisoma tarehe. "Basi bado nina kiuno," akasema. Ngigi akacheka mpaka akalazimika kushika meza, na mkewe naye akashindwa kujizuia.

Siku iliyofuata kanisa liliimba mavuno bila hitilafu. Amri ikatoka: kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni mashine ni ya Bwana, haiguswi.

Siku zilizobaki za wiki Ngigi alizitumia kwa adabu mpya. Thelathini na sita. Akafungua ile programu inayoibebesha prosesa mzigo wote inaoweza kubeba, akakaa mbele yake akitazama namba za joto, kama mtu aliyewekewa maziwa jikoni na kuambiwa yasifurike. Ikatulia. Thelathini na saba, ikatulia. Alipofika arobaini na moja skrini iliganda katikati ya mtihani. Jeconia akamfundisha kuongeza umeme wa prosesa, tone kwa tone, na kumwonya kwamba kila tone lina joto lake. Ngigi akaongeza tone, joto likapanda mara moja, akaikodolea macho namba kama dereva geji inapoanza kuelekea kwenye nyekundu na kilele cha mlima bado hakionekani. Lakini mashine ikavuka.

Alifika arobaini na tatu, akampigia Jeconia kwa sauti ya mtu aliyepata mjukuu.

"Ulijaribu saa ngapi?" Jeconia akauliza.

"Asubuhi, nikimaliza kuku."

"Theta asubuhi ni friji, mzee. Jaribu saa nane mchana, mabati yakilia."

Akajaribu saa nane. Mabati yalilia, na arobaini na tatu ikaanguka. Akafungua dirisha, akasogeza kompyuta mbali na ukuta, akajaribu tena, ikaanguka tena. Yule Ngigi wa zamani angetafuta feni kubwa zaidi, angegombana nayo hadi kiama. Huyu alishusha moja, akaweka arobaini na mbili, akapunguza na umeme kidogo. Mtihani ukapita mchana wa jua kali, ukapita kesho yake, joto likasimama mahali pamoja bila kutikisika. Alishangaa kwamba kushuka hakukumuuma. Sasa alijua mwisho wa mashine yake ulipo, akakaa hatua moja nyuma yake, na hapo palikuwa pazuri.

Ndipo akaiwasha gemu. Alipakia simiti Athi River, akapita Naivasha, na Nakuru ilipotokea mbele, na majumba yake na matuktuku yake, alishika kibodi kama usukani. Picha ikateleza kama maji. Lori likafika mzunguko wa kwanza, likakata, likatoka. Likapita soko. Likapita taa. Ngigi hakupumua hadi nyumba zikaanza kupungua na mlima wa upande wa pili ukajitokeza.

"Mama Ciku," akaita. "Kuja uone."

Waithira alikuja akipangusa mikono, akadhani kompyuta imezima tena. Akasimama nyuma ya kiti. Lori lilikuwa linapanda taratibu, misitu pande zote mbili, halafu pakatokea mahali palipopanuka, malori yameegeshwa foleni ndefu.

"Hapa ni wapi?"

"Salgaa."

"Hapa ndio ulikuwa unanipigia ukiniambia mmefika kulala?"

"Hapa hapa."

Akapainamia kwenye skrini, akapatazama kwa makini. "Nilikuwa nafikiria ni mahali pakubwa. Na hiyo hoteli ya ule mama wa matumbo iko wapi?"

"Hawakuichora."

"Hao watu hawajui kazi," Waithira akasema, akavuta kiti.

Hakuondoka. Alitaka kujua kila mahali. Hapa ndipo mliponyeshewa? Hapa ndipo tairi lilipopasuka ukafika siku ya pili? Ngigi alimjibu akiendesha, na majibu mengine yalikuwa marefu, kwa sababu yapo mambo ambayo hakuwahi kuyasimulia, si kwa kuficha, ila alipokuwa akifika nyumbani usingizi ulimwahi. Alimweleza juu ya ule usiku wa mvua ya mawe pale Timboroa, yeye na tanboi wake Kang'ethe, msaidizi wake wa lorini, chini ya turubai wakigawana ndizi moja. Waithira alisikiliza mikono mapajani.

Ciku alipokuja kutoka Thika na mumewe Nzau, alifungua mipangilio akaona ile arobaini na mbili, akamgeukia babake. "Nani alifanya hivi?"

"Mimi."

"Na joto?"

Ngigi akamwambia joto la asubuhi na joto la saa nane, na Ciku akatikisa kichwa, akamkumbatia bega. Halafu akauliza kwa nini kiti kina mto wa mamake.

Hilo lilikuwa na maelezo yake. Waithira alikuwa ameanza kuendesha. Aliomba zamu mara moja, kuonja tu, na sasa alasiri zilikuwa zake. Aliendesha kwa mwendo wa arusi, hakupita gari lolote, hata trekta, na wenye haraka nyuma yake walipiga honi wakachoka. Ngigi alikaa kando, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo, akijifunza kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, nayo ni kunyamaza.

Siku hiyo, wageni wakinywa chai, Waithira alifika Malaba na mzigo wake mzima. Kilichobaki kilikuwa kurudisha trela kinyumenyume kwenye ghala, jambo ambalo lilikuwa bado linamshinda. Alijaribu, trela likajikunja kama panzi. Akajaribu tena.

"Baba Ciku, kuja unirudishie hii kitu."

Ngigi aliinuka, akaja na kikombe chake, akasimama nyuma ya kiti. Hakugusa kibodi.

"Songa mbele kidogo unyooke," akasema. "Hapo. Sasa kata upande mwingine, usiharakishe. Wacha. Wacha ijipange yenyewe."

Waithira akauma mdomo. Nzau aliacha kutafuna. Trela likasita, likanyooka, likaingia.